Marner kahama, jezi yake ninayo sebuleni: nifanyeje?

Dereva wa Usiku

Wakuu, salaam.

Mimi kwa kawaida ni msomaji tu, napita kimya kimya. Ila hili limenikaa kooni wiki nzima.

Naishi Toronto, Kanada, naendesha teksi. Kijana wangu ana miaka 16, kazaliwa hapa hapa Scarborough. Desemba 2022 nilimnunulia jezi ya Toronto Maple Leafs, timu ya magongo ya barafuni ya mji huu, mgongoni imeandikwa jina la nyota wao, MARNER, namba 16. Zaidi ya dola mia mbili. Nikamchukulia saizi kubwa ili akue nayo, nyie wazazi wenzangu mnajua mahesabu yetu. Ameanza kuijaa sasa hivi.

Juni 30 mwaka huu wa 2025 Marner kaenda timu ya Las Vegas. Mkataba wake ulikuwa unaisha, kwa hiyo likafanyika la kufanyika: kasaini miaka 8 kwa dola milioni 12 kila mwaka, Toronto wakapewa mchezaji mmoja wasitoke mikono mitupu. Na huyu si mgeni, ni mtoto wa jirani na hapa, kakulia Thornhill akiishabikia timu hii hii.

Usiku huo kijana kaivua jezi, kaikunja vizuri kama nguo ya dukani, kaja kuiweka kwenye kiti changu cha sebuleni. "Baba, mimi na hii timu basi. Nimevumilia vya kutosha."

Miaka 16. Kavumilia vya kutosha!

Nina maswali mawili. Jezi nifanyeje? Na kijana nimwache ahame, au ni wajibu wangu kumzuia kama ambavyo ningemzuia kuacha shule?

---

Kolo Mstaafu

Navuta kiti. Ila mkuu tuelezee kwanza hiyo timu imefanya nini, wengine huku Mbagala barafu tunaijua ya kwenye juisi ya ukwaju.

---

Mtani wa Jangwani

Umri wa miaka 16 kuhama timu si dhambi. Dhambi ni kubaki Simba.

---

Dereva wa Usiku

Haya, Kolo Mstaafu, historia ni hii.

Leafs mara ya mwisho kushika Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa ligi, ilikuwa Mei 2, 1967. Waliwafunga Montreal. Wakati huo ligi ilikuwa na timu 6, leo zipo 32. Kombe ni 13 jumla, zote kabla binadamu hajatua mwezini. Baada ya 1967 hawajafika hata fainali. Hata fainali, wakuu.

Mtoano wao uko hivi: raundi nne, na kila raundi mnacheza mpaka mmoja ashinde mechi 4. Kwa hiyo inaweza kwenda mpaka mechi ya 7. Kubeba kombe unahitaji ushindi 16. Hiyo mechi ya 7 ishikeni kichwani, maana ndiyo kaburi letu.

Mimi nilitua hapa Oktoba 2004. Miezi sita nyuma yake, Aprili, Leafs walikuwa wamewatoa Ottawa raundi ya kwanza, mji ukapiga honi usiku kucha, nasimuliwa tu. Nilipofika mimi ligi ilikuwa imepigwa kufuli. Wenye timu wanataka kuweka ukomo wa mishahara, wachezaji hawataki, na Februari 2005 msimu mzima ukafutwa. Yaani kila niliyemkuta aliniambia hoki huku ni dini, na mimi mwaka mzima sikuona hata kisahani kimoja kikipigwa. (Kisahani ndicho mpira wao, kidude cheusi cha mpira mgumu, bapa.)

Baada ya pale hawakushinda raundi hata moja ya mtoano mpaka Aprili 29, 2023. Piga hesabu. Miaka 19, na yote nilikuwa hapa. Madereva wenzangu kituoni, wengi wao Wasomali na Wapunjabi, wakagundua hizo tarehe zinavyokwenda sambamba na viza yangu. Jina langu pale kituoni ni Mkosi.

---

Kolo Mstaafu

Hahahaaa. Mkuu rudi Tanga wapate kombe.

---

Dereva wa Usiku

Umejuaje natoka Tanga?

---

Kolo Mstaafu

Upole wa maandishi.

---

Bint Makorora

Kaka yangu wa Tanga, karibu nyumbani. Sasa kama wewe ni Mgosi wa kweli, si ulishafundishwa kusubiri tangu utotoni? Coastal Union ubingwa wake ni wa 1988. Sisi tuliozaliwa baadaye tunausikia kama hadithi za sungura na fisi.

---

Dereva wa Usiku

Dada, umenigusa penyewe.

Mwaka 1988 nilikuwa na miaka 10. Marehemu baba alinibeba mabegani kutoka Mkwakwani mpaka barabara ya 12. Nilikuwa mkubwa wa kubebwa lakini siku ile hakuna aliyejali. Nilidhani ndivyo mpira ulivyo, kila mwaka mtu anabebwa.

Sasa sikiliza hili, maana huwa silielezi hapa Toronto, hakuna wa kulielewa. Msimu wa 2015/16. Huku Leafs kocha mpya alishawaonya watu mapema kwamba maumivu yanakuja, na kweli yakaja: wakamaliza wa 30 kati ya timu 30. Mkiani kabisa. Na kule nyumbani, kipindi hicho hicho, Coastal ikashuka daraja. Na haikushuka peke yake, ilishuka na African Sports na Mgambo JKT, Tanga nzima ikafutwa ligi kuu kwa mkupuo. Nilikuwa nimeegesha uwanja wa ndege nasubiri abiria, simu ya ndugu yangu ikaingia: "Zote tatu." Hakusema salamu. Nilijua anaongea nini.

Lakini oneni tofauti. Coastal kushuka ilikuwa ni kwenda kucheza huko kwenye viwanja vya vumbi, miaka miwili, mpaka walipopanda tena 2018. Leafs kushika mkia walipewa zawadi! Huku hakuna kushuka daraja. Aliyefanya vibaya zaidi anapata nafasi kubwa zaidi kwenye bahati nasibu ya kuchagua kijana bora anayeingia ligi. Wakashinda hiyo bahati nasibu, wakamchukua Auston Matthews. Mechi yake ya kwanza kabisa, Oktoba 2016 kule Ottawa, kafunga magoli manne.

Na wakafungwa. 5–4, muda wa nyongeza. Kijana kafunga manne peke yake siku ya kwanza kazini na timu imepoteza. Mtu ukitaka kuijua Leafs bila kusoma vitabu, chukua hiyo mechi moja tu.

---

Mtani wa Jangwani

Ngoja kwanza. Yaani timu inafungwa kwa mpango, halafu inapewa mchezaji bora? Na washabiki wanalipa kiingilio kuangalia huo mpango?

---

Dereva wa Usiku

Wanalipa, mkuu, na uwanja unajaa. Hilo ndilo linalofanya watu wengine waseme ushabiki wa hapa ndio unaoharibu timu: mwenye duka hana sababu ya kubadilisha mchele kama foleni haipungui. Mimi sina jibu la hilo. Nimeingia ndani ya uwanja mara mbili tu kwa miaka 20, zote kwa tiketi za kupewa na abiria, zote tukafungwa.

Lakini nje ya uwanja nimesimama mamia ya usiku. Nakuambia matokeo nilikuwa nayajua kabla ya redio. Wakishinda, watu wanatoka wametawanyika, wanaongea na wasiowajua, wanapiga paa la gari. Wakifungwa wanatoka kwa mstari, mikono mfukoni, na wanafunga mlango wa teksi taratibu sana. Taratibu kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

---

Kolo Mstaafu

Mkuu uandishi mzuri ila naona majani ya chai yanaelea. Mpaka mlango wa teksi unasoma matokeo?

---

Dereva wa Usiku

Kolo, ukiendesha usiku miaka 20 utasoma mpaka kikohozi.

Niwape ya Mei 13, 2013 basi, chai au si chai mtaamua. Mechi ya 7 ilichezwa Boston. Huku, kwenye uwanja wa wazi nje ya jengo, waliweka skrini kubwa na maelfu ya watu wakasimama kuangalia. Mimi nimeegesha mtaa wa pili, redio imewaka. Kipindi cha tatu, cha mwisho, Leafs 4, Boston 1. Kelele zinatikisa vioo vya gari. Nikazima taa ya juu ili nisichukue abiria, nikajisemea leo na mimi nipige honi, leo jina la Mkosi linaisha.

Boston wakapata la pili. Sawa. Ikabaki kama dakika moja na sekunde ishirini, la tatu. Ikabaki chini ya dakika moja, la nne. 4–4. Muda wa nyongeza, Bergeron wao, 5–4, kwisha habari.

Ninachokumbuka si kelele. Ni kwamba redio yangu ghafla ilianza kusikika. Dakika tano nyuma nilikuwa siisikii kwa ukelele wa watu, sasa nasikia mpaka mtangazaji anavyovuta pumzi. Akaja kijana mmoja, kajipaka rangi ya bluu uso mzima, kakaa nyuma. Nikamuuliza anakwenda wapi. Kasema, "Popote." Nikamzungusha mjini nusu saa, mita nimeizima.

---

Bint Makorora

Mita umeizima?

---

Dereva wa Usiku

Dada, sikuwa najitangaza. Na mimi nilihitaji kuzunguka.

Baada ya hapo Boston wamekuwa kama wametuandikia hati. 2018 mechi ya 7, Boston. 2019 mechi ya 7, Boston. 2024 mechi ya 7, Boston, muda wa nyongeza. Katikati hapo 2021 tuliongoza 3–1 dhidi ya Montreal na bado wakatutoa. 2022 Tampa, mechi ya 7. Mwaka huu, baada ya kumaliza vinara wa kundi na kuwatoa Ottawa, tukaongoza 2–0 kwa Florida. Mei 18, mechi ya 7, nyumbani: 1–6. Mechi ya 5, nyumbani pia, ilikuwa 1–6 vile vile. Watu wakatupa jezi barafuni. Kijana wangu alikuwa amekaa chini mbele ya televisheni, hakusema neno, akaenda kulala na viatu.

Kwa hiyo alipoiweka jezi kwenye kiti changu mwezi uliofuata haikuwa Marner peke yake. Marner ilikuwa chumvi tu kwenye kidonda.

---

Mzenji wa Ontario

Assalaam aleikum. Mie nipo London, hii London ya Ontario, si ile ya Uingereza.

Sheikh Dereva, nakupa rai ya kinyume. Mwache kijana amfuate Marner. Mie timu siishabikii, namshabikia mtu. Nazem Kadri ni mtoto wa hapa mjini kwetu, wazee wake wa Lebanon, muislamu. Leafs walimchukua 2009, akawachezea miaka kumi. Akafanya makosa yake, kweli, mitoano miwili mfululizo dhidi ya Boston akasimamishwa kwa rafu. Wakamuuza Colorado 2019. Nikahama nae siku ile ile, wala sikuaga.

2022 kachukua Kombe la Stanley. Katika fainali mechi ya 4 ndie alofunga goli la muda wa nyongeza, na kidole gumba kilikuwa kishavunjika. Mwezi wa nane mwisho mwisho kalileta kombe hapa kwetu, msikitini, London Muslim Mosque. Nilikuwa kwenye foleni na binti yangu. Kombe lile, nakwambia, mtu akikusimulia utadhani kubwa la kutisha, ukifika unaona limechongwa majina mpaka chini kama mlango wa Unguja. Binti yangu kaligusa kwa kidole kimoja, kisha siku nzima hakutaka kuosha mkono, mpaka adhuhuri tukagombana kwenye udhu.

Sasa niambie, ningebaki na Leafs kwa uaminifu, ningeligusa?

---

Kolo Mstaafu

Hapo kwenye udhu nimeanguka. Ila hoja nzito. Dereva jibu.

---

Barafu254

Naomba niingilie kidogo kutoka Nairobi.

Nyinyi mnazungumzia kukaa na timu ikishindwa. Sisi hapa tulikaa na timu ambayo haikuwa na mtu wa kushinda wala kushindwa naye. Mimi hucheza na vijana wa Ice Lions, timu yetu ya hoki, pale Panari, Mombasa Road. Ni uwanja mdogo ndani ya hoteli, na kwa miaka mingi timu ya pili ya kucheza nayo nchi nzima haikuwepo. Unafanya mazoezi Jumatano, unafanya Jumapili, halafu mechi mnagawana wenyewe kwa wenyewe, wewe leo uko na fulana nyeupe, wiki ijayo nyeusi. Unamfunga rafiki yako halafu mnapanda matatu moja kurudi mtaani.

2018 Tim Hortons, ile kampuni ya migahawa ya kahawa, iliwapeleka wenzetu huko kwenu Kanada, ndiyo wakapata mechi ya kweli kwa mara ya kwanza, na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wa ligi yenu, wakavaa jezi ya Ice Lions wakacheza upande wao. Mimi sikuwa kwenye safari hiyo, nilikuwa na mtihani. Bado najuta. 2024 Kenya ikaingia rasmi katika shirikisho la dunia.

Kwa hivyo bro, kijana akikwambia amechoka kushindwa mechi ya saba, mwambie kuna watu walikuwa wanatamani tu kuwe na mechi ya kwanza.

Na hiyo jezi kama haina mwenyewe, mimi navaa saizi kubwa. Nauliza tu.

---

Mtani wa Jangwani

Barafu254 kaja na kikapu kabisa 😂

---

Dereva wa Usiku

Barafu254, jezi nimekuandika foleni namba moja, usihofu. Na hongereni sana. Sikujua kwamba Panari kuna watu wamekomaa hivyo.

Mzenji, hoja yako imenisumbua siku mbili, sikutaka kuijibu mbio mbio. Ukweli ni kwamba siwezi kusema umekosea. Mtu ana jina, ana mama, ana kidole kilichovunjika. Timu ni nini? Wachezaji wanabadilika, kocha anabadilika, mwenye timu anabadilika, hata jengo limebadilika. Na hapo kwenye jengo nina kisa.

Kuanzia 2006 nilikuwa na mteja wa kudumu, mama mmoja wa Kizungu, mjane. Kila Jumamosi ya mechi namtoa kwake nampeleka kwa dada yake East York, wakaangalie pamoja. Huyu mama 1967 alikuwa na miaka 30. Kombe anazikumbuka kama sisi tunavyokumbuka harusi. Alinisimulia habari za Bill Barilko, kijana aliyefunga goli la kombe 1951, miezi michache baadaye akapanda ndege ndogo kwenda kuvua samaki na ndege ikapotea misituni. Leafs hawakupata kombe lingine mpaka Aprili 1962, na wiki chache baada ya hapo ndiyo mabaki ya ndege yakaonekana. Alisimulia vile vile kama anavyosimulia jirani yake alivyong'oa mti. Na Harold Ballard, mwenye timu aliyekutwa na hatia ya wizi na ulaghai 1972 akaenda jela, akatoka, akaendelea kuimiliki timu mpaka alipokufa 1990, huyo alikuwa hamtaji jina. Alimwita "yule bwana" tu.

Uwanja wa zamani, Maple Leaf Gardens, timu iliuhama 1999. Leo ghorofa ya chini ni supamaketi. Siku moja, nadhani ilikuwa 2012, kaniambia nisimame pale, anataka chumvi. Nikaingia naye kumbebea. Kumbe katikati ya njia ya rafu moja, sakafuni, wamechora doa jekundu kuonyesha palipokuwa katikati ya uwanja. Mama kaenda moja kwa moja, kasimama juu ya doa na kikapu chake mkononi. Watu wanampita na matoroli. Kageuka upande mmoja, kageuka upande wa pili, kama mtu anayetafuta kiti chake. Kisha kasema, "Twende." Chumvi hakununua.

Jezi yake, Mzenji, sweta lake la zamani la bluu, lilikuwa halina jina mgongoni. Nilimuuliza mara moja kwa nini. Akasema enzi zake hayakuwekwa, na yalipoanza kuwekwa aliona ni kama kuandika jina la mpangaji ukutani.

---

Mzenji wa Ontario

Mpangaji! Bibi huyo kanipiga bakora kutoka mbali. Ila mie na Kadri wangu tulihamia Calgary 2022, kodi tukalipa.

---

Bint Makorora

Huyo mama yuko hai?

---

Dereva wa Usiku

Yuko hai, ana miaka 88, alishahamia Barrie kwa binti yake. Ile Aprili 29, 2023, Tavares alipofunga kule Tampa muda wa nyongeza na miaka 19 ikaisha, mimi nilisimamisha gari pembeni ya barabara, nimewasha taa zote za dharura, nikampigia yeye kabla sijampigia mke wangu. Nalia, sitaki kuwaficha. Nikamwambia, "Mama, tumevuka! Tumeshinda nne!"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Zimebaki kumi na mbili." Na akakata simu, anataka kuona marudio.

Raundi iliyofuata Florida wakatutoa kwa mechi tano.

---

Kolo Mstaafu

Mimi na Simba yangu Juni 25 tumekula mbili bila kutoka kwa hawa Utopolo, yaani Yanga, ubingwa wao wa nne mfululizo. Mwezi mmoja kabla, Berkane ya Morocco katuzuia kombe la Afrika mbele ya macho yetu pale Amaan. Jina langu hapa ni Mstaafu kwa sababu nilitangaza kustaafu ushabiki 2023. Nikatangaza tena 2024. Mke wangu huwa ananiuliza mafao yangu yatatoka lini.

Siwezi kukushauri kitu mkuu. Ila ile misimu minne tuliyochukua sisi mfululizo, 2018 mpaka 2021, nilikuwa sihesabu hata magoli, nilikuwa naangalia mechi huku napiga pasi. Hii minne ya kufungwa naikumbuka dakika kwa dakika. Sijui ina maana gani.

---

Mtani wa Jangwani

Ina maana mlikuwa mnafungwa dakika nyingi.

---

Bint Makorora

Kaka, hujatuambia ya yule dereva wa gari la barafu. Mume wangu alinionyesha zamani kidogo, tulicheka mpaka mtoto akaamka.

---

Dereva wa Usiku

Aaah, hiyo. Februari 22, 2020, Jumamosi. Carolina wamekuja Toronto, makipa wao wawili wote wakaumia. Sheria ya ligi wakati huo ilisema uwanjani kuwe na kipa wa dharura anayeweza kuchezea timu yoyote. Akaingia David Ayres, miaka 42, aliyepandikizwa figo ya mama yake, mtu aliyewahi kuendesha Zamboni, lile gari la kusawazisha barafu, na aliyekuwa akiwasaidia Leafs wenyewe mazoezini. Mashuti mawili ya kwanza yote yakaingia. Watu wakaona leo ni sikukuu. Mengine manane yaliyofuata kayadaka yote. Carolina wakashinda 6–3, nyumbani kwetu, kwa kipa wetu.

Nilimpakia bwana mmoja usiku ule, kavaa suti juu ya jezi. Kutoka mjini mpaka Etobicoke alirudia kitu kimoja tu, "Dereva wa Zamboni." Kimya. Kilomita mbili. "Dereva wa Zamboni." Mimi nikamwitikia pole, pole sana bwana. Lakini wakuu, hapa hatujuani, niseme ukweli: moyo wangu uligawanyika. Dereva mwenzangu yule.

---

Barafu254

😂😂😂 Sasa jezi inakuja Nairobi ama haiji?

---

Dereva wa Usiku

Mrejesho, wakuu. Samahani nimekaa siku tisa.

Barafu254, nisamehe ndugu yangu, haiji.

Nilichofanya ni hiki: sikumshauri kijana lolote. Jumamosi nilikuwa nakwenda Barrie kumwona yule mama, nikamwomba anisindikize kwa sababu mgongo unanisumbua na kurudi ni usiku. (Mgongo kweli unanisumbua.) Njiani hatukuongea hoki. Kule mama akamuuliza ana miaka mingapi na kama anakula vizuri, akampa biskuti, akamuuliza nani atacheza pembeni ya Matthews sasa hivi. Kijana akasema yeye hafuatilii tena. Mama akasema, "Sawa." Halafu wakazungumza nani atacheza pembeni ya Matthews saa nzima na nusu. Mimi nikasinzia kwenye kiti.

Jumatatu kijana akaniambia twende kwa fundi. Tuna fundi Mkongomani wa huku kwetu, mtu wa Bukavu, anashona mpaka maturubai. Akaigeuza jezi, akavuta herufi moja kwa kucha, akasema, "Ndugu, hii walishona na nguvu." Akachukua wembe, akakaa nayo karibu na dirisha, uzi mmoja mmoja, hakuna haraka. M ilimchukua muda mrefu kuliko zote. Alipomaliza akaikung'uta, akatunyooshea. Herufi hazipo lakini jina lipo: pale zilipokuwa, kitambaa hakikupata jua wala sabuni, bluu yake imebaki mbichi kuliko ya pembeni, na vitundu vya sindano vimezunguka kila herufi. Ukisimama mbali huoni kitu. Ukikaribia unasoma MARNER vizuri kabisa.

Fundi akauliza atie jina gani. Nikafungua mdomo niseme, kijana akaniwahi: "Usitie."

Fundi akagusa ile 16. Na hii?

"Hiyo acha, ni miaka yangu."

Nikamuuliza, je mwakani ukitimiza 17? Akaivaa pale pale dukani, joto la Julai, akajitazama kwenye kioo cha fundi, akasema mwakani tuone kwanza kama watavuka raundi ya kwanza.

Dola kumi na tano kazi yote. Nimempa ishirini.